Moto wa kiangazi: nani anapanga siku ya kuchoma?



Kila mwaka mwezi wa saba ukiingia, gurupe zetu za WhatsApp zinajaa moshi. Mmoja anatuma picha ya kilima kilichoungua, mwingine shamba la mihogo ambalo moto wa jirani umelipitia, mwingine nyumba ya majani iliyobaki nguzo nne. Halafu anatokea ndugu mmoja wa droit: "Tumuombe shefu atoe agizo. Kuchoma marufuku. Mwenye kukamatwa alipe amandi." Tunapiga makofi, tunaweka vidole gumba, mvua ya mwezi wa tisa inanyesha, kila mtu anasahau. Safari hii maneno yamekwenda mbele kidogo. Kuna wenzetu wanaoandaa maandishi ya kupeleka kwenye sekta, yenye vipengele na kiasi cha amandi, na wameomba kila mmoja achangie kutoka upande wa masomo yake.

Mimi nimesoma historia. Kwa hiyo mchango wangu ni huu: hatutakuwa watu wa kwanza kuandika sheria juu ya moto wa hapa kwetu. Zimeandikwa nyingi, kwa Kifaransa kizuri, na wengi waliotawaliwa nazo hawakuzisoma hata mara moja. Ni vizuri tujue zilifanya nini kabla ya kuongeza yetu. Na niseme mapema nilipo: sipingi sheria. Ninaogopa sheria ya neno moja, "usichome", isiyosema ni moto gani, siku gani, na nani atakuwa amesimama pale na matawi mabichi mkononi.

Tuanze na moto wenyewe, juu wengi wetu tumekulia mjini na shamba tunalijua siku za likizo tu. Ukisema "kuchoma", unachanganya mambo matatu au manne. Kuna moto wa shamba jipya: unafyeka vichaka mwezi wa sita, unakata miti, unaiacha ikauke wiki nyingi juani, kisha unachoma mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua za kwanza. Mpunga wetu, ule unaopandwa kilimani bila maji ya kusimama, unapenda ardhi ya namna hiyo. Majivu yanapunguza uchachu wa udongo, yanaleta chumvichumvi ambazo mmea unazihitaji, na joto linaua mbegu za magugu. Mama mwenye jembe moja na watoto wawili hawezi kuondoa miti iliyolala kwa njia nyingine. Hana trakta, hana mbolea ya gunia. Moto ndio mfanyakazi wake.

Kuna moto wa nyasi: wa kando ya njia, wa kuzunguka kijiji ili nyoka waonekane, wa wawindaji wanaotaka wanyama watoke, wa wenye mbuzi na ng'ombe wanaotaka majani mapya. Huu ndio unaokimbia. Kisha kuna moto wa makala, wa tanuru la matofali, wa takataka nyuma ya nyumba, na ule wa vijana wanaoota usiku na kwenda kulala bila kuuzima. Sheria inayoweka hii yote katika kipengele kimoja imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchoma shamba.

Koko yangu upande wa mama alikuwa anachoma hivi. Kwanza alifyeka ukanda kuzunguka shamba lote na kuufagia mpaka udongo uonekane, kama unavyofagia uwanja wa nyumba siku ya matanga. Siku mbili kabla, alituma mtoto kwa wenye mashamba ya jirani. Wenyewe walikuja au walituma kijana. Alingoja jua lianze kushuka na upepo upungue. Alianza kuwasha upande ule upepo unakokwenda, ili moto utembee nyuma, polepole, ukipigana na upepo. Ukishakula ukanda mpana, ndipo aliwasha upande mwingine, na mioto miwili ikakutana katikati na kufa. Kabla ya kuwasha aliita kwa sauti: "Muko tayari?" Wakaitikia mmoja mmoja kutoka kila pembe. Kama pembe moja haikuitika, hakuwasha. Hakuna askari aliyesimama pale, hakuna karatasi, lakini mtu aliyechoma bila kuita na moto ukala mihogo ya mwenzake, alijua atakaa mbele ya wazee na atalipa kwa mihogo, si kwa franka.

Huo ndio moto wa kazi. Lakini inchi yetu ilijua pia moto mwingine, na hapa historia inaanza kuuma.

Wakati wa misafara, njia kubwa ya kutoka Ujiji ilipita Kabambare, ikaenda Kasongo mpaka Nyangwe kwenye Lualaba. Livingstone, ambaye katika maandishi yake anaita mahali hapo Bambarre, alikaa kwetu muda mrefu mwaka 1870, miguu ikiwa na vidonda. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe siku ya soko, wakati watu wa wafanyabiashara walipofyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki na mafuta. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Siku zile zile, watu wa wafanyabiashara haohao walikuwa wakichoma vijiji ng'ambo ya mto, na asubuhi moja Livingstone alihesabu moshi wa vijiji 12. Tazama mwezi: Julai. Ni mwezi ambao, katika mwaka wa amani, moshi huonekana ng'ambo ya mto na mtu anasema tu, "wanaandaa mashamba."

Kwa hiyo kwa watu wa Maniema, tangu zamani, moshi una maana mbili. Mtoto wa wakati ule alilazimika kujifunza kuzitofautisha: moshi wa shamba unaanza jioni, mweupe, sehemu moja, moshi wa vita unatokea mapambazuko, sehemu nyingi, na una sauti. Nitarudi kwenye jambo hili, juu halijaisha.

Waungwana hao hao ndio waliotuletea mpunga. Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa makao yake, karibu mwaka 1875, mji ulizungukwa na mashamba makubwa, mengi yakilimwa na watumwa. Mpunga wa kilimani unataka msitu uliokatwa na kuchomwa, na baada ya miaka michache unataka msitu mwingine. Tunapokula wali wa Kasongo na kujivunia, tukumbuke kwamba ulikuja na moto wake. Jeshi la Dhanis lilipoingia Kasongo mwezi wa nne 1893, wenye mji walibadilika. Mpunga ulibaki, na kuchoma kulibaki.

Bon, tufike kwa Leta.

Wengi wanafikiri wakoloni wa Ubelgiji walikuja na kukataza moto tu. Ukweli ni wa kuchekesha zaidi: walikataza na walilazimisha. Mwaka 1917, Edmond Leplae akiwa mkubwa wa kilimo wa koloni, Leta ilitoa amri ya mazao ya lazima, na Maniema ni kati ya sehemu za kwanza ambako pamba ilipandishwa kwa nguvu. Mwanaume alidaiwa siku 60 za kazi kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Kampuni ya Cotonco, iliyoundwa 1920, ilikuwa inangoja mavuno, na bei haikupangwa na mlimaji. Wazee wetu wanakumbuka fimbo na jela. Wachache wanakumbuka kanuni moja ndogo: ukimaliza kuvuna, ung'oe mashina yote ya pamba, uyakusanye, uyachome. Sababu yake ilikuwa ya kweli, wadudu wa pamba wanajificha katika mashina makavu na kungoja msimu ujao. Waingereza walikuwa na kanuni kama hiyo Uganda na Tanganyika, na upande wa Tanzania wakulima wa pamba wanahimizwa mpaka leo kung'oa na kuchoma.

Angalieni maana yake. Moniteri wa kilimo anafika kijijini na kumkuta mtu hajachoma mashina: kosa. Anarudi na kumkuta huyo huyo amechoma nyasi za kilima bila ruhusa: kosa. Kiberiti ni kile kile, mkono ule ule. Kilichobadilika ni nani amepanga moto uwake. Dekre ya 5 Desemba 1933 juu ya shefferi na sekta ilimfanya shefu kuwa mkono wa Leta kijijini, na mahakama za wenyeji zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa dekre ya 1926. Kwa hiyo shefu yule ambaye zamani watu walimwendea kuulizana siku nzuri ya kuchoma, sasa ndiye anayetoza na kupeleka watu jela. Nadhani hapa ndipo kitu kilivunjika. Siku ya kuchoma ilihama kutoka midomo ya majirani, ikaingia katika kalenda ya agronomu.

Baadaye zikaja karatasi nyingine. Dekre ya misitu ya 11 Aprili 1949. Kisha, tarehe 23 Mei 1953, agizo maalumu juu ya kuchoma majani na mimea iliyosimama. Nia yake haikuwa mbaya: mmomonyoko wa udongo ulikuwa jambo kubwa kwa wataalamu wa wakati ule, kuanzia Amerika mpaka Afrika Kusini. Lakini waliosukuma maneno hayo walikuwa watu wale wale waliojaza vilima pamba mwaka baada ya mwaka, na kumnyima mlimaji muda wa kuacha ardhi ipumzike.

Na si Kongo peke yake. Kusini yetu, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Waingereza iliyotawala pale ilikataza mwaka 1906 kilimo cha Wabemba cha kukata matawi na kuyachoma, kinachoitwa citemene. Njaa na manung'uniko yakafuata, na baada ya miaka michache ilibidi wairudishe ruhusa. Mashariki yetu, Tanganyika, mtaalamu wa wanyama Swynnerton alifanya kinyume kabisa miaka ya 1920 kule Shinyanga. Aliwaomba watu wasichome mapema. Nyasi zingoje mpaka zikauke kabisa, kisha zichomwe zote pamoja kwa moto mkali, ili kuua vichaka vinavyoficha mbung'o, inzi wa malale. Machifu wa Wasukuma walisaidia kupanga siku. Kwa hiyo katika miaka hiyo hiyo, sehemu moja ya ukanda wetu kuchoma ni uharibifu, sehemu nyingine ni dawa.

Neno la Swynnerton, kwamba moto wa kuchelewa unaua vichaka, ndilo linalonipeleka kwenye jambo ninalotaka wenzetu wa maandishi walisome mara mbili.

Kuanzia 1933, karibu na Ndola, pale pale katika msitu wa miombo unaofanana na ile ya Katanga na ya kusini mwa Maniema, walipima viwanja vya msitu na kuvitendea tofauti kila mwaka. Viwanja vingine vilichomwa mapema, kiangazi kikiwa bado kichanga na nyasi zina maji kidogo. Vingine vilichomwa mwishoni, joto likiwa limepanda na kila kitu ni kikavu. Vingine vililindwa visiguswe na moto hata siku moja. Mtaalamu aliyeandika matokeo, Trapnell, aliyatoa 1959. Viwanja vya moto wa kuchelewa vilipoteza miti, vikaelekea kuwa nyasi tupu. Viwanja vya moto wa mapema vilibaki msitu, miti midogo ikaendelea kukua. Vilivyolindwa vikaanza kujaa vichaka vya kijani vya chini, vizito. Ulikuwa msitu mmoja, wenye mvua moja na udongo mmoja, na tofauti kubwa kati ya viwanja viwili vya kwanza ilikuwa tarehe.

Sasa, rudi kwenye agizo letu la WhatsApp. Toleo moja nililoona linasema kuchoma ni marufuku tangu mwezi wa sita mpaka nusu ya mwezi wa nane. Inasikika kama busara. Fikiria kitakachotokea: nyasi zote za Salamabila mpaka Kabambare zitasimama, zitakauka miezi miwili na nusu, hakuna hata kipande kimoja kilichoungua mapema cha kuzuia njia. Kisha siku ya kufunguliwa, au usiku wa kabla yake, kila mtu anawasha. Hatutakuwa tumezuia moto. Tutakuwa tumeuwekea akiba.

Moto wa shamba jipya hauwezi kuwashwa mapema, miti haijakauka. Lazima uwe wa mwishoni. Lakini nyasi za kuzunguka lile shamba zinaweza kuchomwa mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzo wa sita, jioni, zikiwa na umande kidogo, moto mdogo unaotembea na kuzimika wenyewe usiku. Ukifanya hivyo, siku ya kuchoma shamba, mwezi wa nane au wa tisa, cheche ikiruka itaangukia mahali palipokwisha kuungua. Hicho ndicho wazee walichokuwa wanafanya kuzunguka vijiji, wao wakisema wanafukuza nyoka. Kukataza mioto midogo ya mapema ni kuagiza ule mkubwa wa baadaye.

Kuna jambo la pili, la tabia ya watu. Madagascar ni mfano mzuri, juu kule kukataza ni kwa zamani sana: tayari mwaka 1881, kabla Wafaransa hawajatawala, sheria za malkia zilikataza kuchoma misitu. Wafaransa wakaendelea kukataza, na serikali ya uhuru pia. Kisiwa bado kinaungua kila mwaka. Mtu anayeogopa amandi haachi kuchoma, anaacha kukaa na moto wake. Anawasha usiku, au anaacha kijiti kinachofuka polepole kwenye nyasi na kuondoka, ili moto uwake yeye akiwa kilomita mbili mbali, anasalimia watu. Moto usio na mwenyewe ndio unaokula mihogo ya mwenzako. Koko yangu angeweza kuita "Muko tayari?" kwa sababu hakuwa anajificha.

Baada ya uhuru nitapita haraka, juu hakuna mengi ya kusifu. Vita vya 1964 vilichoma vijiji pande za Kabambare na Kasongo kuliko kiangazi chochote. Wakati wa Mobutu tulipata salongo: kila mtu anatoka na jembe, anafagia, anakusanya, anachoma takataka kando ya barabara. Salongo ililazimishwa, watu hawakuipenda, lakini niseme ukweli, ilikuwa na kitu kimoja ambacho maandishi yetu hayana: siku inayojulikana na watu wote wapo.

Sheria tulizo nazo leo ziko. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya 29 Agosti 2002 iliifuta ile dekre ya 1949. Ina maneno juu ya moto katika misitu, na ina mambo mengine ambayo yangetufaa: inakataza kukata misitu ndani ya mita 50 za kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Kuna pia sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011. Wangapi katika mashefu wetu wa vijiji wameziona? Ziko kwa Kifaransa, na ni za mtu mwenye intaneti. Mwaka huo huo wa 2002 Watanzania nao walipitisha Sheria ya Misitu, namba 14, yenye sehemu nzima juu ya kuchoma mimea, na kule vijiji vinaandika sheria ndogo zao kwa Kiswahili. Wana hata jina la moto uliotoroka: moto kichaa. Sisemi kwao hakuungui, kunaungua sana. Ninasema mama wa kijijini anaweza kusoma kile anachoshitakiwa nacho.

Kisha sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya ugatuzi. Hapa wa droit watanisahihisha kama wanataka, lakini kipengele ni wazi: sekta na shefferi ni mamlaka zenye utu wa kisheria. Grupema na kijiji hazimo. Kwa hiyo amandi inayobuniwa na mtu wa lokalite, na kuandikwa kwenye daftari la shule, haina miguu. Inalipwa na nani? Na mwenye shamba kando ya barabara, anayeonekana. Na mama aliyerudi kutoka kukimbia vita, asiye na ndugu katika baraza. Mwenye bunduki anayewasha nyasi za kilima ili awinde, hakuna wa kumwendea na daftari. Tumeona hilo kwa barieri, tumeona kwa kodi za soko. Sioni sababu moto uwe tofauti.

Nimesema nitarudi kwenye moshi wenye maana mbili. Wote munajua Salamabila imepita nini, hasa tangu 2018: mapigano kuzunguka Namoya, vijiji vinavyohama usiku, watu wanaorudi na kukimbia tena. Ukiwa unaogopa kwenda mbali, unalima karibu. Shamba lililokuwa kwenye kilima cha saa mbili za kutembea linahamia nyuma ya nyumba. Ardhi iliyopaswa kupumzika miaka minane inalimwa tena baada ya miwili, miti hairudi, nyasi ndizo zinarudi, na nyasi ndizo zinazokimbiza moto. Ongeza nyumba za majani na turubai zilizobanana za wachimbaji na za waliohama. Kwa hiyo ile picha ya nguzo nne niliyoitaja juu, ambayo chini yake mtu aliandika "ujinga wa watu wa kijiji", mimi ninaisoma kwa namna nyingine. Ni picha ya mtu aliyechoma karibu na nyumba juu mbali hakuna usalama.

Na kuna kile ambacho amandi haiwezi kukigusa. Moshi ukitokea upande usiotegemewa, watu wanakimbia. Nimekuwa katika kijiji ambako jioni ya mwezi wa nane moshi ulipanda nyuma ya kilima, na kabla mtu hajauliza, akina mama walikuwa wamekwisha kufunga watoto mgongoni na kushika sufuria. Lilikuwa shamba la mpunga, mtu na watoto wake wanachoma. Hakuna nyumba iliyoungua. Lakini watu walilala porini, na mtoto mmoja aliyekuwa na homa alirudi hali yake mbaya zaidi. Katika mji mkubwa, Goma kwa mfano, mamlaka zinapokataza baruti za sikukuu mwisho wa mwaka, watu wanaelewa haraka: mlio unafanana na risasi. Kwetu moshi ni hivyo hivyo. Kutangaza siku ya kuchoma si adabu tu kwa jirani, ni kumwambia mtu wa bonde la pili kwamba anaweza kulala kwake.

Kwa hiyo ndugu zetu wanaoandika, mimi ningefanya hivi. Ningeondoa neno "marufuku" katika kichwa cha habari. Ningetenganisha moto wa nyasi na moto wa shamba. Wa nyasi, ningeuwekea mwisho badala ya mwanzo: uchomwe kabla ya katikati ya mwezi wa sita, kuzunguka vijiji, makaburi, shule na mashamba ya mihogo, na uwe kazi ya wote, kama ile salongo. Wa shamba, ningedai mambo matatu: ukanda uliofyekwa mpaka udongo uonekane, majirani wameitwa, na habari imefika kwenye redio ya hapo au msikitini na kanisani siku moja kabla, ili moshi uwe na jina. Anayefanya hayo na bado cheche ikaruka, asilipe amandi, majirani wamsaidie kupanda. Asiyefanya, arudishe mihogo kwa mihogo mbele ya wazee, na kesi ipande sekta ikiwa amekataa. Tarehe zenyewe zisiandikwe Kindu wala Lubumbashi. Kila kilima kina kiangazi chake, nyasi za Wamaza hazikauki siku moja na za kando ya Lualaba.

Na yaandikwe kwa Kiswahili, tafadhali. Kiswahili chetu, cha kusomwa kwa sauti chini ya mti. Kifaransa tutakiweka nyuma ya karatasi kwa ajili ya ofisi.

Kabla ya mkutano, nina ombi moja ambalo si gumu. Ukienda likizo au ukipiga simu nyumbani, muulize mzee au mama mmoja maswali mawili: kwenu ule ukanda unaofyekwa kuzunguka shamba unaitwaje, na zamani mulijuaje kwamba siku ya kuchoma nyasi imefika, kwa ua gani, kwa ndege gani, kwa nyota gani? Andikeni pamoja na jina la kijiji. Wa Bahombo, Babuyu na Lulindi hasa, juu kwenu sina kitu hata kimoja katika daftari langu.